Aliyeota Moto Malepe

Habari za njia tuziache. Vumbi ni vumbi, na miguu ya kila msafiri huuma kwa namna ile ile; anayetaka habari za malengelenge akawaulize wengine. Kinachotuhusu ni kwamba Sikudhani Mrope, mama wa makamo, mkavu wa mwili na mwepesi wa hasira, alifika nchi ya Malepe asubuhi moja akimtafuta mdogo wake wa tumbo moja, Chande. Huyo Chande alikuwa amehamia Malepe kuchimba visima, akaoa huko huko, na sasa habari zilikuwa zimemfikia dada yake kwamba ameshikwa. Ameshikwa kwa kosa gani, mleta habari hakuweza kueleza. Alisema tu, "Ni mambo ya ndoto, mama. Nenda ukasikie mwenyewe."

Mpakani askari hakumuuliza anatoka wapi wala amebeba nini. Alimuuliza, "Umeota nini?"

"Sijaota kitu. Nilikuwa natembea."

Askari akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyekwambia hana ndugu duniani. Akamruhusu apite, ila akamweleza kwa upole kwamba asiye na ndoto Malepe hana kauli. Akifika penye watu asimame nyuma, na asiongee mpaka aulizwe.

Sheria ya nchi ile, kama Sikudhani alivyokuja kuielewa, haikuwa ngumu. Kila asubuhi, kabla mtu hajasukutua, huenda kwenye Baraza la mtaa wake akasimulia alichokiota. Waaguzi, ambao ni wazee wenye vilemba vya kijani na mishahara mizuri, huiagua ndoto ile, na kilichoaguliwa hutekelezwa siku hiyo hiyo. Barabara hupita ilikootwa. Mgonjwa hupewa dawa iliyoonekana usingizini. Walimu huteuliwa hivyo, na wachumba hutafutwa hivyo. Ama kitu alichokiona mtu akiwa macho, mchana kweupe, kina jina lake: huitwa habari ya macho matupu, na Baraza haliipokei.

Alianza kuyaona hayo kwenye daraja la kuingilia mjini. Katikati mbao zilikuwa zimeoza, likabaki pengo la kutosha kummeza mtu. Wanawake wenye ndoo kichwani walikuwa wakifika pale, wanapandisha khanga, wanaruka. Sikudhani akamuuliza mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake kwa nini wasigongomee mbao mbili tatu.

"Halijaotwa," akasema mzee.

"Na wanaoanguka?"

"Wanaanguka." Hakusema kwa uchungu. "Tumewaomba watu wa mtaa ule wa karibu walale kwa bidii. Mmoja juzi aliota kijiko, tukafurahi, maana kijiko ni cha mti. Lakini Waaguzi wakasema ni harusi."

Sikudhani aliruka pengo lile huku akitukana kimoyomoyo.

Nyumba ya Chande haikumpa shida kuipata. Mkewe, Mashavu, mwanamke mnene wa uso mpole, alimpokea wifi yake kwa kilio kidogo cha kujizuia, akampa maji ya kunywa. Watoto wawili walikuwa wamekaa kizingitini, wamenyoosha miguu, wamefumba macho kuelekea mashariki.

"Na hawa nao, tazama wanavyoota jua!" Sikudhani akasema, akijaribu kuleta uchangamfu.

Mashavu akamziba mdomo kwa kiganja. Akatazama dirishani kwanza ndipo akakiondoa. "Wifi, neno hilo hapa usilitamke ovyo. Hapa lina kazi moja tu."

Ndipo akamweleza. Malepe mbegu haziwezi kuota, zinachomoza. Meno ya mtoto yanatoka. Mtu mwenye baridi hujipasha motoni, na wanaokaa juani wanajianika. Kuota ni kwa aliyelala, basi, na kulitumia neno hilo kwa jambo jingine ni utovu wa adabu kwa mwenyeji, na kwa mgeni ni hatari.

"Sasa mume wangu ni mtu wa kwenu," Mashavu akaendelea. "Siku ile alirudi kutoka kisimani amelowa chapachapa, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Nikamkokea moto. Amekaa jikoni mpaka kumekucha, hakugusa kitanda. Asubuhi tukaenda Barazani. Wakamuuliza, 'Bwana Chande, usiku wako ulikuwaje?' Akasema, 'Wacheni, jamani. Mimi usiku kucha nimeota moto tu.'"

Sikudhani akashika kichwa.

"Baraza zima lilinyamaza," Mashavu akasema. "Hata vichanga vilinyamaza, wifi."

Waaguzi hawakuchukua muda. Moto ulioonwa na mgeni, tena mgeni anayechimba ardhi, ni kuungua kwa ghala la chakula. Na ndoto ya maafa, kwa elimu yao, haiji yote kwa mkupuo. Huja vipande, na kila aliyeiota akilala tena, kipande kingine huongezeka, mpaka itimie. Dawa ni moja: aliyeiota asilale. Akeshe mpaka ndoto ile inyauke ndani yake. Itanyauka lini? Hapo Waaguzi walikuwa na kauli tofauti, na kila mmoja aliheshimu kauli ya mwenzake.

"Lakini wewe ulikuwepo," Sikudhani akasema. "Ulimwona amekaa jikoni."

"Nilikuwa naye, wifi. Nilimchomea muhogo."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Wakaniuliza, 'Uliota kwamba umekaa naye?'" Mashavu akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Ningejibu ndiyo, yangekwisha. Sikuwa na akili ya haraka. Nikasema hapana, nilimwona kwa macho yangu haya. Wakaandika: macho matupu."

Sikudhani hakutaka chai wala kupumzika. Akataka apelekwe alipo ndugu yake sasa hivi.

Nyumba ya Mkesha ilikuwa mahali pasafi, pamefagiwa, na hilo ndilo lililomtisha kwanza. Alitegemea minyororo na matusi. Alichokikuta ni majirani. Walikuwa wamejaa ukumbini, wamekuja na bao, na kahawa chungu, na madebe ya kugonga, na hadithi za kuchekesha, na wote walimpenda Chande. Walikuwa wakipokezana kwa zamu ili asilale. Mmoja alimmwagia maji ya baridi shingoni, akamfuta vizuri kwa taulo, akamwomba radhi. Mwingine alikuwa akimsimulia habari za mbuzi wake, kila mara anauliza, "Unanisikia, Bwana Chande? Kisha mbuzi akafanyaje?"

Chande alikuwa ameketi katikati yao kwenye kigoda kisicho na mgongo. Alikuwa kijana mkubwa wa mifupa. Sasa mifupa ilibaki yenyewe. Macho yalikuwa mekundu, wazi, na hayakutua penye kitu. Dada yake alipiga magoti mbele yake, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Chande. Mimi dada yako."

Alimtazama kwa muda. "Dada Siku. Umekuja?" Kisha akakunja uso. "Au nimelala?"

"Hujalala, Bwana Chande, usiseme hivyo!" akasema askari wa zamu, mtu mnono mwenye jasho, akagonga debe mara mbili kwa hofu. "Hujalala hata kidogo!"

Hapo hasira zilimpanda Sikudhani. Alimshika mdogo wake kwapani amwinue waondoke, na askari akaja kumzuia kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anamzuia mtu asianguke. Sikudhani akachukua birika la kahawa akamrushia. Askari akajifuta. Akaokota birika, akasema pole mama, akaenda kulijaza tena.

Na Mashavu? Alikuwa amesimama ukutani, na jirani mmoja alipopiga miayo akaacha nafasi yake, Mashavu akasogea, akakaa ubavuni mwa mumewe, akamfinya sikio. Alikuwa analia, na alimfinya kwa nguvu.

"Hata wewe!"

"Nina zamu yangu, wifi," Mashavu akasema. "Na kama ni kweli? Chakula cha watoto wangu kimo mle ghalani. Na kama ni kweli?"

Sikudhani akarudi nyuma hatua moja. Aliona kwamba huyu mwanamke alikuwa anajua kabisa alichokiona jikoni kwake, na bado alikuwa anaogopa. Aliona pia kwamba mdogo wake hatafika mbali. Kilichobaki ni kwenda Barazani kumwombea alale.

Baraza Kuu la Malepe liliwekwa kesho yake, kabla ya adhuhuri. Watu walijaa mpaka nje, maana kesi ya neno huwapendeza wenyeji kuliko ngoma. Mwaguzi Mkuu, Bwana Mfaume, alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti ya taratibu. Pembeni yake aliketi Bwana Shomvi, mwaguzi wa pili, mtu wa kupenda mjadala kuliko chakula. Sikudhani, kwa kuwa hakuwa na ndoto, alisimamishwa mwisho wa ukumbi, na alipopewa ruhusa ya kusema ilimbidi apaze sauti.

Akaeleza. Kwetu, alisema, kuota moto ni kukaa karibu na moto ili upate joto. Mdogo wangu alikuwa na baridi. Hakulala, kwa hiyo hakuota; alikaa jikoni akaota. Aliposikia maneno yake mwenyewe yanavyotoka, nusura alie.

"Bi Sikudhani," akasema Bwana Mfaume, "usijichoshe. Bibi yangu mzaa mama alitoka kwenu. Mimi nimeota moto pamoja naye nikiwa mdogo, kwa maana yenu. Kila aliyemo humu analijua hilo."

Sikudhani akabaki mdomo wazi. "Mnajua?"

"Tunajua."

"Lakini kujua si hoja," akadakia Bwana Shomvi, akainuka, na watu wakasogea mbele kusikia vizuri. "Neno likiingia Barazani huvua viatu mlangoni. Linaacha maana za jikoni huko nje. Chande hakusema jikoni. Alisema Barazani, alipoulizwa habari za usiku wake."

Mwaguzi mmoja wa upande wa pili akauliza: je, mtu hawezi kujipasha na kuota kwa wakati mmoja? Shomvi akasema hilo ndilo alilokuwa analielekea. Maana anayekaa motoni husinzia. Na anayesinzia, je, amelala au yu macho? Na moto unaompasha nje, hauwezi kupenya ukawa ndoto ndani? Watu wakapiga makofi. Mwingine akasema kama ni hivyo, basi kila anayepika ni mwotaji. Wakacheka, wakapiga makofi tena. Waliendelea hivyo mpaka vivuli vikahama, kwa ufasaha wa kweli, na Sikudhani alisimama kule nyuma akifikiri kwamba kila sentensi nzuri inayosemwa hapa ni usingizi mwingine anaonyimwa Chande.

Mwishowe akapiga kelele bila kuulizwa. "Mtu anakufa huko!"

Ukumbi ukageuka kumtazama. Bwana Mfaume hakukasirika. Alishuka kwenye jukwaa, akapita katikati ya watu, akaja kusimama karibu naye, akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayemfariji mfiwa. "Mama, sikiliza. Kwa ajili ya ndoto ile tumehamisha mtaa mzima unaozunguka ghala. Nyumba zimebomolewa ili moto usipate njia. Kuna wazee waliokufa wakihama, na wanawake waliojifungulia barabarani. Leo nikisimama niseme hapakuwa na ndoto, watu wale niwaambie nini?"

"Waambie mlikosea."

Waliokuwa karibu walicheka kidogo, kicheko cha upole, kile anachochekewa mtoto akiomba apewe mwezi. Bwana Mfaume mwenyewe hakucheka. Alionekana amechoka.

"Kuna njia moja," akasema. "Mwenye ndoto peke yake anaweza kuikana. Akisimama hapa, kwa kinywa chake, akasema hakuota, Baraza litasema mgeni alikosea lugha. Kosa litakuwa lake, si letu. Atalala leo hii, nami nitamtandikia mkeka kwa mkono wangu."

Sikudhani hakuisubiri ruhusa. Alikimbia mpaka Nyumba ya Mkesha, akawasukuma wacheza bao, akakamata uso wa ndugu yake. "Chande, sikiliza. Neno moja tu. Sema, 'Nilikuwa najipasha.' Ukisema hivyo utalala. Sema."

"Nilikuwa najipasha," akasema Chande.

"Tena."

"Nilikuwa najipasha. Dada, nitalala wapi?"

"Hapo hapo Barazani. Kwenye mkeka. Mimi nitakaa karibu na kichwa chako. Sema tena."

Alisema tena na tena njia nzima, majirani wamemshika huku na huku, Mashavu mbele akifungua njia, na kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka Sikudhani aliona matumaini. Hata watu wa barabarani walijua, wakawa wanamtia moyo: "Kaza, Bwana Chande! Neno moja tu!" Askari wa zamu alifuata nyuma na debe lake, naye akitabasamu.

Walimsimamisha katikati ya ukumbi. Mkeka ulikuwa tayari umeletwa, umekunjwa, umeegemezwa jukwaani.

"Bwana Chande," akauliza Mwaguzi Mkuu, "usiku ule uliota moto?"

Chande aliinua kichwa. Alikuwa anatazama juu ya vichwa vya watu, kwenye mlango wa magharibi. Macho yake, ambayo jana hayakutua penye kitu, sasa yalikuwa yametua.

"Sema," dada yake akanong'ona.

"Nauona," Chande akasema.

"Unaona nini?"

"Ule pale. Umeshika mlango." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeonyesha njia. "Umeanzia chini, kwenye makuti. Sasa unapanda. Mzee, umekushika kilemba. Mashavu, watoe watoto. Umefika kwao. Una rangi nzuri, lakini watoe."

Watu wa mlango wa magharibi walikuwa wamekwisha kurudi nyuma, wanakanyagana. Bwana Shomvi alivua kilemba chake akakitazama. Uso wake ulijaa furaha ya kielimu.

"Anaota macho wazi!" akasema. "Hili halijapata kutokea. Ndoto imenenepa mpaka haihitaji usingizi!"

"Ni huo usingizi wenyewe!" Sikudhani akapiga yowe. "Mtu ana usingizi, jamani! Mmemnyima usingizi, sasa haoni vizuri! Mtoto mdogo analijua hili!"

Hakuna aliyembishia. Wengi walitikisa kichwa kukubali, kwa sababu kweli hata mtoto mdogo alilijua. Lakini ilikuwa habari ya macho matupu. Bwana Mfaume aliangalia mkeka, akamwashiria mtu auondoe.

Miguu ya Chande ikalegea. Sikudhani akamdaka, akaenda naye chini taratibu, akakilaza kichwa chake mapajani. Chande akashusha pumzi ndefu, akafumba macho.

"Analala!"

Sijui nani aliyesema kwanza. Ukumbi mzima ulinyanyuka. Madebe yakagongwa, maji yakamwagwa, watu wazima wakamshika miguu wakamtikisa, na mtu mmoja nje akaanza kupiga kelele kwamba ameshaona moshi. Mashavu alipiga magoti, akampiga mumewe kofi, na la pili, anapiga na kulia, "Amka, baba Rukia! Watoto! Amka, nakuomba!" Sikudhani alijaribu kumfunika kichwa kwa mikono yake, na makofi mengine yakamwangukia yeye.

Askari wa zamu alipasua njia akafika. Alikuwa anatetemeka, kwa sababu usingizi ule ulikuwa umetokea mkononi mwake, na adhabu yake aliijua. Akaweka sikio kifuani kwa Chande. Akaweka kidole chini ya pua yake. Watu wakanyamaza wamsikilize. Akakaa hivyo muda, kisha uso wake ukatakata.

"Hakulala," akasema. "Alhamdulillahi. Hakulala, amekufa."

Ukumbi ukapumua. Mtu alipiga kigelegele huko nyuma, mwingine akakipokea, na habari ikatoka mlangoni ikashika barabara: ghala limesalimika, mwenye ndoto amekufa yu macho. Watu walikumbatiana. Askari alikaa chini pale pale, akafuta jasho, akalia kwa kushukuru. Mashavu alikuwa bado kwenye magoti, mkono aliompigia mumewe ameushika kwa mkono mwingine, anawatazama wanaoshangilia mmoja mmoja kama anatafuta wa kumwambia jambo.

Bwana Mfaume akainama mbele ya Sikudhani, akampa mkono. "Pole sana, mama," akasema. "Na hongera. Ndugu yako ametuokoa sote."

Sikudhani hakuupokea mkono ule. Alivua mtandio wake, akamfuta mdogo wake usoni maji waliyommwagia, akamnyoosha miguu, akamfunika. Vigelegele vilikuwa vimeshamiri. Akainua kichwa akawaambia wapunguze sauti.

"Kuna mtu amelala hapa," akasema.

Wakanyamaza. Waliokuwa mlangoni wakitoka walisimama. Bwana Shomvi alikuwa wa kwanza kusogea; akamgusa Mwaguzi Mkuu begani, akamuuliza huyu mama amesema amelala kwa maana ipi, maana kama ni kulala kwa kulala, jambo hili halijaisha. Bwana Mfaume akarudi kwenye kiti chake, akasema hilo nalo itabidi liaguliwe, na watu wakaingia tena ndani wakakaa.